Mguu wa Mama na Taarifa ya Saa Moja

6 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tunapumua, na siku hizi anayepumua hana haki ya kulalamika. Shemeji yako yumo uani anasugua kutu kwenye geti aliloagizwa kabla ya amri ya kutotoka nje, na aliyeliagiza hata salamu haleti. Wapwa zako wanagombana asubuhi, wanapatana mchana, jioni wanaanza upya. Saluni nimeifunga. Vile vikaushio viwili vya nywele nimevifunika shuka, ukiingia ghafla utadhani kuna maiti wawili wameketi wanangoja kusukwa.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Dereva wa lori la unga, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana, ndiye aliyeniambia kwamba watangazaji wote mmefungiwa humohumo kituoni na simu mmenyang'anywa, tangu yale maneno ya waziri yarekodiwe kwa siri na kusambazwa. Basi nakuandikia kwa mkono kama enzi za babu. Breki atakuwa tarishi wetu. Vizuizi vyote anapita, maana hata wakubwa wanakula unga.

Nije kwenye jambo lenyewe. Ni mama. Kiatu cha plastiki kilimchubua kisigino, akanyamaza, akafunga kitambaa. Unamjua. Nimegundua kwa kumwona anachechemea kwenda msalani. Kidonda kimefika ukubwa wa kifuniko cha chupa, na kwa mtu wa sukari unajua maana yake. Siku yake ya kliniki ilikuwa Jumatano. Nikamwambia tujiandae. Akaniangalia kama mtoto mtundu. "Hukusikia? Mwanangu amesema wenye maradhi ya siku nyingi tubaki nyumbani, hospitali ni ya wagonjwa wa huu ugonjwa mpya peke yao."

Tangu uanze kusoma taarifa ya saa moja, mama haisikilizi kama watu wengine. Ukisema "habari za jioni, ndugu msikilizaji", yeye anajibu, "Nzuri, baba, umekula?" Jirani wanacheka, hajali. Ulilolisema redioni ameambiwa yeye. Ananawa mikono mpaka ngozi imepauka, barakoa anavaa hata akiwa peke yake chumbani, na mtoto akipita dirishani bila barakoa anarushiwa kandambili. Sasa umemwambia asiende hospitali, haendi. Nami nimepita pale kliniki ya sukari, nimeona kwa macho yangu: iko wazi! Muuguzi kakaa anapiga miayo, mabenchi matupu. Nani aliyetunga tangazo lile, na alikuwa amekunywa nini?

Nijibu upesi. Kidonda hakina subira.

Dada yako


19 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka unga na dizeli, nikaipokea kama mtu aliyeletewa maji gerezani. Mpe shemeji pole ya geti. Wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka.

Sisi tunalala kwenye chumba cha santuri za zamani, magodoro sita sakafuni, na anayekoroma kuliko wote ni yule wa kipindi cha afya. Mke wangu na mtoto wako nyumba za kituo, upande wa pili wa uzio. Jumapili tunaruhusiwa kupungiana mikono. Mtoto ameota jino. Mama yake alimfungua mdomo akanionyesha kwa mbali, nikashangilia, ingawa kusema kweli sikuona kitu.

Habari ya mama imenishtua sana. Aende kliniki mara moja. Nimemwandikia mwenyewe, karatasi yake iko humu ndani, msomee. Kuhusu lile tangazo, dada, mimi ni msomaji tu. Karatasi inakuja imepigwa chapa na kutiwa saini, nami naisoma kama ilivyo. Wataalamu wana hesabu zao ambazo mimi na wewe hatuzioni. Kwa jumla hali imedhibitiwa.

Mwambie mama ninakula.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera ya jino. Sisi tuko vilevile, ila shemeji yako sasa anawachongea watoto magari kwa mabati ya geti la watu. Nimemwacha, afadhali kuliko kuzungumza na ukuta.

Umeandika "kwa jumla hali imedhibitiwa". Kwangu mimi uniandikie hivyo? Hebu nikusimulie udhibiti. Wiki iliyopita mkubwa wa mji alikuja mtaani kwetu na msafara, wapiga picha mbele, askari nyuma. Tukaitwa kila nyumba mtu mmoja, tukapangwa mstari, kila mmoja akapewa mfuko wa unga aushike kifuani. "Tabasamu, mama, usikunje uso." Nikatabasamu chini ya barakoa, kama mjinga. Picha zilipokwisha, vijana wa msafara wakapita wakaikusanya mifuko yote, kwa sababu mtaa wa pili nao ulikuwa unangoja kupigwa picha. Mifuko ileile! Kibibi anayekaa mkabala na sisi alikataa kuachia, wakamnyofolea mikononi, unga ukamwagika, akapiga magoti akawa anauzoa na mchanga. Mkubwa alikuwa ameshapanda gari. Jioni ukasoma, kwa ile sauti yako ya asali, kwamba kaya zote zimefikiwa. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha nyuma akatema mate mbele ya redio ya mama. Nimeyafuta mwenyewe. Kinyaa nilichokisikia hakikuwa cha mate yake.

Sasa mama. Nilimsomea karatasi yako. Akaniambia nisome tena. Kisha akaikunja, akanirudishia. "Hii si ya mwanangu." Nikamwambia mwandiko ni wako. Akasema: "Mwandiko sawa. Lakini mwanangu jioni ananiambia baki, halafu kwa siri ananiambia nenda? Mimi nimefagia ukumbi wa mahakama maisha yangu yote. Nimeona watu wanakula kiapo mbele ya hakimu, wakitoka koridoni wanacheka na kusema kinyume chake. Sikuzaa mtu wa koridoni. Kama anataka niende, atasema pale anaposemea."

Shemeji yako alijaribu kumnyanyua kwa nguvu. Mama alishika ukingo wa kitanda akapiga ukelele mtaa mzima ukaja kuchungulia. Ni mama, nitamfunga kamba? Kidonda kimeshakuwa kama kiganja cha mtoto, pembeni kimeanza kuwa cheusi.

Kwa hiyo sikuombi dawa wala pole. Naomba sentensi moja. "Wenye sukari na vidonda waende kliniki." Itie popote, kabla ya hali ya hewa, baada ya michezo ambayo haichezwi. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, ndivyo tulivyofundishwa. Nakungoja.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Huku mvua imeanza na chumba chetu kinavuja juu ya godoro la yule wa kipindi cha afya, kwa hiyo angalau hakoromi.

Nimeisoma barua yako nikaenda kukaa chooni, ndiko kunakofungika mlango. Dada, hujui unachoniomba. Karatasi ninayosoma inapitiwa na mhariri, kisha mkurugenzi, kisha bwana mmoja wa wizarani ambaye hukaa nyuma ya kioo akifuatisha kila neno kwa kalamu. Mwenzetu wa taarifa ya asubuhi aliongeza mzaha mdogo tu kuhusu bei ya barakoa. Kesho yake godoro lake lilikuwa limekunjwa. Hakuna aliyeuliza. Mkewe alitolewa nyumba ya kituo na vyombo vyake vikawekwa njiani kwenye mvua. Nami nina mke, nina mtoto wa jino moja.

Nakutumia bandeji, dawa ya kusafishia, na vidonge vya maumivu, vyote vizuri, si vya mtaani. Msafishe asubuhi na jioni. Kuna watu wanasema amri italegezwa karibuni. Tuvute subira kidogo.

Mabenchi uliyoyaona matupu, nisingependa kuyazungumzia kwenye karatasi.

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani nitaziandika siku nyingine. Bandeji zimefika, mama amezikubali kwa sababu hukumwambia redioni asizifunge.

Jumamosi binti wa mkubwa wa mji ameolewa. Usijifanye hukujua. Magari yalipita barabara ya chini kwa honi mpaka watoto wakadhani ugonjwa umekwisha, wakatoka wanashangilia, na askari waleule waliokuwa wanasindikiza msafara wakageuka kuwachapa watoto kwa kuvunja amri. Niko mlangoni naangalia. Askari mmoja alikuwa na ua la harusi kifuani, fimbo mkononi. Muziki tuliusikia mpaka kuku wakawika. Jioni ya Jumapili ukasoma kwamba mikusanyiko yote bado ni marufuku, na kwamba "familia moja mjini ilifanya kikao kifupi cha kifamilia kwa kuzingatia taratibu". Kikao kifupi! Ulipofika pale hata sauti haikukwama. Nilisikiliza kama itakwama.

Nikienda bombani siku hizi wanawake wananyamaza. Zamani ilikuwa, "Shoga, mdogo wako kasema nini jana?" Sasa wanageuza ndoo. Mke wa muuza mkaa, yule aliyekuwa na mimba kubwa, alishikwa na uchungu, njiani kwenda hospitali akasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari wakamwambia hospitali ni ya ugonjwa mpya tu, tangazo limesema. Akajifungua pale pale kando ya mapipa ya lami, mtoto hakulia. Mumewe amekuja kuniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza: "Ndugu yako anaposoma vile, anatuona?" Mjibu wewe.

Ninawachukia wote. Ninamchukia mkubwa na binti yake, huyo bwana wa nyuma ya kioo na kalamu yake. Nikiona barakoa zenye picha ya chama nasikia kutapika. Lakini hao sikuwanyoa nywele walipokuwa wadogo, hawakulala mgongoni kwangu mama akiwa kazini. Ndiyo maana wewe unaniuma zaidi.

Kidonda kinanuka. Nachoma ubani na bado kinanuka. Mama anasema ni panya amekufia darini. Juzi ukasema "habari za jioni", akajibu kama kawaida, halafu akaiambia redio, taratibu, ili nisisikie: "Baba, mguu unaniuma sana. Ukiona inafaa niende, niambie."

Nimekwambia alivyosema. Basi.

Dada yako


9 Juni

Breki amerudi mikono mitupu. Anasema alikukabidhi barua yangu mkononi, ukaisoma umesimama, ukarudi ndani bila neno. Jioni ile ulisoma bei ya mbolea.

Vidole viwili vimekuwa vyeusi.


17 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwisho. Nimesema.

Ilikuwa Jumatatu. Nilipomaliza habari ya kufunguliwa kwa daraja, nikaiweka karatasi chini nikasema: "Wenye sukari, wenye vidonda, wajawazito na wote wenye maradhi mengine, kliniki ziko wazi, nendeni, msibaki nyumbani. Mama, nenda." Hayo ya mwisho sikuyapanga. Yule bwana wa nyuma ya kioo alinyanyua kichwa, nikaona mdomo wake unafunguka, nami nikaendelea na hali ya hewa. Mafundi mitambo hawakuzima. Mmoja wao, naapa, alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Nimefukuzwa. Tuko chumba kimoja kwa rafiki wa mke wangu, vyombo bado vimo kwenye maboksi. Lakini dada, laiti ungeona! Asubuhi yake hospitali kuu ilijaa watu mpaka barabarani, wenye magongo, wenye mimba, wamekaa chini kwa mistari, na askari wakashindwa la kuwafanya. Mwanamke mmoja amenishika mkono njiani akalia. Redioni wamemweka msomaji mpya, akasema tangazo lile lilikuwa hitilafu ya mitambo. Watu wamecheka mpaka basi. Sasa mtu akimdanganya mwenzake anaambiwa "una hitilafu ya mitambo".

Kuna jambo nilikuficha, na sasa halina faida kulificha. Siku tangazo la kwanza lilipoandikwa nilikuwemo chumbani, niliitwa kujaribu matamshi. Niliuliza, wenye sukari watakwenda wapi? Bwana wa wizarani akasema wageni wafadhili wanakuja kutembelea hospitali na kupiga picha, na picha ya mabenchi matupu ndiyo itakayoonyesha kwamba tumeushinda ugonjwa. Mkurugenzi akacheka. Nami nikatabasamu, dada. Nikalisoma. Nikalisoma tena kila jioni.

Ningeweza kukupigia. Mke wangu amerudishiwa simu yake, nimeishika mara nyingi nikairudisha mezani. Naogopa kusikia. Niandikie. Je, mama alisikia? Alikwenda? Ananiulizia? Niambie sauti yangu ilifaa kitu.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni na kuhama. Mtoto mpakeni mafuta, vyumba vya kupanga vina mbu. Shemeji yako anakusalimu, na muuza mkaa pia. Alinituma nikuandikie kwamba alikusikia.

Mama alisikia. Alikuwa amelala kifudifudi, tulidhani amezimia. Uliposema "Mama, nenda", alijigeuza akasema, "Haya, nimesikia, baba." Kisha kwangu, kwa ukali: "Umekaa? Lete khanga!" Homa inamtetemesha anatafuta kitana, eti haendi hospitali nywele zimetimka kama hana binti msusi. Shemeji yako alimbeba mgongoni. Pale kwenye kizuizi askari akainua fimbo, mama akamwambia, "Wewe, hujasikiliza taarifa?" Tukapita. Nyuma yetu mtaa mzima ulikuwa unatoka, na mama juu ya mgongo wa mkwe wake alikuwa amenyoosha shingo kama anayepeleka bibi harusi. Alikuwa anaringa, mdogo wangu. Anawaambia watu: "Mnaona? Ikifika wakati wake, anasema."

Daktari hakumaliza hata kufungua bandeji. Wameukata juu ya goti. Akaniambia kidonda kile kingetibiwa kwa kuoshwa tu kama angeletwa mwanzoni. Alisema akiwa ananawa mikono, hakuniangalia, na nilimshukuru kwa hilo.

Alipozinduka hakuuliza mguu. Aliuliza kwa nini taarifa inasomwa na mtu mwingine. Nikamwambia umefukuzwa kwa ajili yake. Akalia, lakini kilio cha raha, akawaonyesha wagonjwa wenzake kisiki: "Mwanangu ameacha kazi, mimi nimeacha mguu, tumelipana." Wodi nzima ikacheka. Kwa siku chache alikuwa mama wa shujaa, wauguzi walikuwa wanakuja kumwangalia.

Kisha Breki akaleta barua yako. Mama aliiona mkononi mwangu kabla sijaificha. Akasema soma. Nikasoma, na nilipofika pale pa chumba kile na matamshi, nikajaribu kuruka. Mama hajui kusoma lakini anajua macho ya mwanawe. "Umeruka. Rudi." Nikarudi, nikasoma yote, pamoja na tabasamu lako.

Akauliza, "Alikuwemo chumbani?"

"Alikuwemo, mama."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ile karatasi aliyoniletea, ya kwamba niende. Siku aliyoiandika, jioni yake alilisoma lile tangazo?"

Alikuwa hajakosa taarifa yako hata moja, anajua kuliko mimi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa ameelewa, akamwambia, "Mama shujaa, barua inasemaje?" Mama akamjibu, "Ni ya watu wengine." Akaniomba nimsogezee ndoo, akatapika.

Nilidhani nitafurahi siku mama atakapoona ninachokiona mimi. Sikufurahi hata kidogo.

Umeniuliza kama sauti yako ilifaa. Ilifaa. Bila ile sentensi tungekuwa tumemzika, na sitakunyima haki hiyo. Umeniuliza kama anakuulizia. Hakuulizii. Jirani wakikutaja anageukia upande wa pili, na saa moja ikifika ananiambia nizime.

Vizuizi vikiondolewa usije kwanza. Nitakuandikia siku atakayolitaja jina lako.

Dada yako